UZI: Manchester United haijui inataka kucheza mpira gani, na hilo halitibiwi kwa kufukuza kocha

(Uzi wa Juni 2025, Ruben Amorim akiwa bado kocha.) Wakuu, salaam. Mashabiki wa United njooni, na wa timu nyingine karibuni ila tujadili mpira.

Msimu wa 2024/25 tumemaliza nafasi ya 15. Pointi 42. Katika mechi 38 tumefungwa 18, na tisa kati ya hizo ni pale pale Old Trafford. Tangu ligi ianze kuitwa Premier League mwaka 1992 hatujawahi kuvuna pointi chache namna hii. Kabla ya hapo msimu wetu mbovu ulikuwa wa 2021/22, na ule tulipata 58. United iliyomaliza chini zaidi ya hii utaikuta mwaka 1974, na ile ilishuka daraja.

Sasa kila kijiwe wimbo ni mmoja, kocha Amorim aondoke. Mwaka jana wimbo ulikuwa Ten Hag aondoke. Kabla yake Solskjaer, Mourinho, Van Gaal, Moyes. Nimeifuatilia timu hii muda mrefu na inaniuma kuona bado tunajadili mtu aliyesimama pembeni ya uwanja wakati ugonjwa uko kwingine. Hii klabu haina wazo lake la mpira. Kila kocha anakuja na lake, ananunuliwa nusu ya wachezaji anaowataka, anatimuliwa, anayefuata anakuta mabaki ya mwenzake na kuambiwa ashinde.

Nawaomba mkichukue kikosi chetu kilichoanza fainali ya Europa League dhidi ya Tottenham pale Bilbao, tarehe 21 Mei 2025, mkisome jina kwa jina.

Golini Onana, aliletwa 2023 kwa sababu Ten Hag alitaka kipa wa kuanzisha mashambulizi kwa miguu. Mabeki watatu wa kati: Yoro, kinda wa 2024. Maguire, pauni milioni 80 za mwaka 2019, enzi za Solskjaer. Shaw, ambaye yupo klabuni tangu 2014, dirisha ambalo Van Gaal ndiyo anaingia, na ni beki wa kushoto wa asili aliyesogezwa ndani kwa kuwa hakuna mwingine. Pembeni kulia Mazraoui, wa 2024. Kushoto Dorgu, wa Januari 2025. Katikati Casemiro, aliyetoka Real Madrid 2022 akiwa na miaka 30, na Bruno wa Januari 2020. Mbele Amad, wa Januari 2021, pamoja na Mount na Højlund waliokuja wote dirisha kubwa la 2023.

Ukihesabu, aliyenunuliwa kwa ajili ya mfumo wa kocha aliyekuwa benchi siku ile ni mmoja tu, Dorgu. Wengine kumi walisajiliwa kucheza mpira mwingine kabisa. Hii ni nyumba iliyojengwa na mafundi wanne, kila mmoja na ramani yake, halafu tunamlaumu fundi wa mwisho kwamba mlango haufungi.

Na mechi yenyewe ilionyesha. Dakika ya 42 Sarr anapiga krosi kutoka kushoto, Maguire na Shaw wapo, hakuna anayeutoa, mpira unambabatiza Shaw na Brennan Johnson anamalizia. Baada ya hapo Tottenham walirudi nyuma wote. Hawakutaka tena mpira. Kipindi chote cha pili tulikuwa nao sisi, pasi kwenda kushoto, pasi kurudi kulia, krosi, mpira unatolewa, tunaanza upya. Nafasi kubwa ilikuwa kichwa cha Højlund ambacho Van de Ven alijirusha akakitoa kikiwa kinavuka mstari. Nilikuwa nasubiri nione mpangilio wowote wa kufungua timu iliyojipaki vile. Sikuuona. Yaani tumefungwa na timu iliyomaliza ligi nafasi ya 17, na hiyo ilikuwa mara ya nne kwa msimu mmoja kufungwa na hao hao: mbili za ligi, moja ya Kombe la Carabao, na fainali.

Kuna watu watasema mbona tuliwatoa Lyon robo fainali ya Europa League. Ni kweli, usiku ule wa tarehe 17 Aprili sitausahau. Tulikuwa tumeongoza 2-0, wakarudisha, wakabaki kumi uwanjani, na bado wakatupita 4-2 kwenye muda wa nyongeza. Halafu Bruno penalti dakika ya 114, Mainoo 120, Maguire dakika ile iliyofuata. 5-4, jumla 7-6. Nililia, sioni aibu kusema. Lakini itazameni ile mechi kwa jicho la mpira. Bao la kutuvusha limefungwa na beki wa kati aliyepelekwa mbele acheze kama straika, kwa sababu mastraika wetu hawafungi. Højlund msimu mzima wa ligi ana mabao manne. Zirkzee matatu. Timu yenye namba tisa wawili waliogharimu zaidi ya pauni milioni 100 kwa pamoja, inaokolewa na Maguire.

Hili halikuanza na Amorim. Mwezi Mei 2013 kocha Sir Alex Ferguson aliondoka, na mtendaji mkuu David Gill akaondoka naye. Watu wawili waliokuwa wanajua kila kitu kuhusu usajili wa klabu wametoka mlango mmoja, siku hizo hizo. Nafasi ya Gill akapewa Ed Woodward, mtu wa benki na mikataba ya biashara. Dirisha lake la kwanza kumbukeni lilivyokwenda. Fellaini alikuwa na kipengele cha kuuzwa pauni milioni 23.5 kilichoisha mwisho wa Julai. Tukakaa. Siku ya mwisho ya dirisha tukaenda kumnunua kwa milioni 27.5. Tumelipa milioni nne zaidi kwa mchezaji yule yule kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuamua. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku Manchester United ya sasa ilipozaliwa.

Klabu ikaja kuteua mkurugenzi wa mpira, John Murtough, Machi 2021. Miaka karibu nane. Katikati ya hapo tumemleta Di María akacheza msimu mmoja akaondoka, tumemrudisha Pogba kwa pauni milioni 89, tumemleta Alexis Sánchez kwa mshahara wa kutisha akaishia kupelekwa Inter. Wengi wao wachezaji wakubwa. Lakini ukiuliza Di María, Lukaku, Sánchez, Sancho na Antony walinunuliwa wacheze mpira upi mmoja, hakuna atakayekujibu.

Tuje kwa INEOS, kampuni ya Sir Jim Ratcliffe, maana wengi tuliweka matumaini hapo. Ratcliffe alinunua sehemu ya klabu Februari 2024 akapewa usimamizi wa mambo ya mpira. Msimu ule ndiyo ule wa kufungwa 4-0 na Crystal Palace, wa kuongoza 3-0 mbele ya Coventry ya daraja la pili kisha kwenda penalti, wa kumaliza nafasi ya nane. Kila mtu aliona kwamba katikati ya uwanja wetu ni uwazi mtupu: washambuliaji wanapanda kukaba, mabeki wamebaki nyuma, viungo wanakimbizana na vivuli. Halafu tukaifunga City 2-1 fainali ya FA, Garnacho na Mainoo wakafunga, na ile furaha ikatupofusha. Uongozi ulizunguka kuongea na makocha wengine, ukarudi kwa Ten Hag, Julai ukamwongezea mkataba. Wakamnunulia Yoro, De Ligt, Mazraoui, Zirkzee na Ugarte. Tarehe 28 Oktoba wakamfukuza, timu ikiwa ya 14.

Fikirieni hilo. Umempa mtu mkataba na zaidi ya pauni milioni 180 za usajili, ukamtoa baada ya mechi tisa za ligi. Kama hukumwamini ungemtoa Juni, kocha mpya akapata maandalizi ya msimu na dirisha zima. Badala yake Amorim kaletwa Novemba, katikati ya msimu, anacheza 3-4-3 (mabeki watatu, wanne katikati, watatu mbele) na kikosi hakina hata beki mmoja wa pembeni wa kucheza mstari mzima. Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo waliyempigania miezi mitano watoke naye Newcastle, akaondoka Desemba baada ya miezi mitano mingine. Kumwondoa Ten Hag, wasaidizi wake na Ashworth kuligharimu pauni milioni 14.5. Wakati huo huo wafanyakazi wa kawaida 250 walikuwa wameshapunguzwa kazi ili kubana matumizi, wakatangaziwa wengine hadi 200, na tiketi zilizobaki za mechi zikapandishwa hadi pauni 66 bila punguzo kwa watoto wala wazee. Milioni 14.5 ni mishahara ya watu wangapi wa kupika chakula pale Carrington, kwenye viwanja vya mazoezi?

Simtakasi Amorim. Kwenye ligi kacheza mechi 27 akapata pointi 27, hiyo ni rekodi ya kushuka daraja ukiirefusha. Na nina hoja naye ya kiufundi. Viungo wawili katikati wanahitaji mapafu. Ukiwaweka Casemiro na Eriksen, au Casemiro na Bruno, timu yoyote yenye viungo watatu inawazidi idadi na kupita katikati kama hakuna mtu. Brighton walifanya hivyo, Tottenham walifanya hivyo. Pia kumshusha Bruno kule nyuma ni kumtoa mtu wako pekee mwenye uhakika wa bao na pasi ya mwisho mbali na goli. Kocha angelegeza mfumo mwezi mmoja tu, tungekuwa na pointi zaidi. Ila hata angelegeza tungemaliza wa kumi au wa kumi na moja, na tungekuwa hapa hapa tukibishana.

Nawasilisha. Karibuni.

#2
Mkuu umeandika vizuri ila wachezaji umewaacha salama mno. Hawa jamaa hawajitumi. Wanalipwa hela ndefu, wanatembea uwanjani. Hata Fergie angekuja leo na hawa angefeli. Fukuza nusu ya kikosi ndipo tuongee mfumo.

#3 (Mleta uzi)
Mkuu, hoja ya kujituma ningeikubali kama wangekuwa wanakwenda kwingine wanatembea hivyo hivyo. Angalia McTominay. Huku kwetu kila kocha alimwona wa kuziba pengo, tukamuuza Napoli Agosti 2024 kwa kama pauni milioni 25. Msimu wa kwanza tu kafunga mabao 12 ya ligi, Napoli bingwa, na yeye kachaguliwa mchezaji bora wa Serie A. Kocha wa Napoli, Conte, alimwona ni mtu wa kuingia boksi akamwekea njia ya kuingia boksi. Antony huyo mliyemcheka nyote, kaenda Betis kwa mkopo Januari na kuwafikisha fainali ya Conference League. Rashford kaenda Villa, uhai umerudi. Watatu ndani ya mwaka mmoja, mkuu. Uvivu hauponi kwa kupanda ndege.

Kuna wasiojituma, nakubali. Ila mchezaji asiyejua mwenzake atakuwa wapi naye huonekana mvivu, maana anasimama kwanza afikirie.

#4
Niko Mombasa hapa, na mimi ni wa United tangu utotoni. Ndugu yangu, mimi nasema mpeni Amorim muda. Ferguson alifika Novemba 1986 na kombe lake la kwanza lilikuwa FA ya 1990. Mwaka ule watu walitaka afukuzwe. Leo kila mtu ana haraka.

#5 (Mleta uzi)
Nakuheshimu kaka, lakini huo mfano wa Ferguson tunautumia vibaya. Ile miaka minne hakuwa anasubiri tu. Alikuwa anapanga upya usajili wa vijana, anaondoa waliozoea pombe, anajua jina la kila mtoto wa akademi. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa mkurugenzi wa michezo. Ryan Giggs alipotimiza miaka 14 mwaka 1987, Ferguson alikwenda nyumbani kwao. Muda alipewa mtu mwenye mamlaka ya kuijenga klabu nzima. Amorim hana hayo mamlaka na kocha wa siku hizi hapewi. Kwa hiyo ukisema apewe muda lazima useme pia nani anajenga wakati yeye anafundisha. Berrada, mtendaji mkuu? Wilcox, wa upande wa ufundi? Ratcliffe mwenyewe? Mimi nataka hilo liwe wazi kwanza.

#6
Mimi Arsenal, naingia kwa adabu. Mleta uzi yuko sahihi. Kocha wetu Arteta alimaliza wa nane mara mbili mfululizo, 2020 na 2021, sisi tulikuwa tunamtukana kila wiki. Lakini ukiangalia waliosajiliwa dirisha la 2021, Ødegaard, White, Ramsdale, Tomiyasu, wote vijana na wote wa aina moja ya mpira. Mtu alikuwa anaona picha. Ningekuwa shabiki wenu ningeangalia hilo, jedwali ningeliacha kwanza.

#7
Familia ya Glazer, wamiliki, wauze. Mengine yote ni porojo.

#8 (Mleta uzi)
#7 sipingi hata kidogo. Mwaka 2005 waliinunua klabu kwa pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa mikopo waliyoibebesha klabu yenyewe. Klabu iliyokuwa haidaiwi imelipa riba miaka 20, na mapema 2025 deni la mikopo hiyo lilikuwa bado kama milioni 500. Hela ya kukarabati Old Trafford iko humo. Mei 2024 tumecheza na Arsenal mvua ikamwagika kutoka kwenye paa kama maporomoko, dunia nzima inatazama. Machi 2025 wakatuonyesha michoro ya uwanja wa watu 100,000 wa pauni bilioni mbili.

Lakini Glazer walikuwepo hata tulipokuwa tunabeba ligi na kombe la Ulaya 2008. Wao wametufanya maskini. Kutojua cha kununua na hicho kidogo tulichonacho ni tatizo la pili, na hilo lingeweza kutatuliwa hata wakiwepo.

#9
Hakuna aliyegusa akademi. Tangu Oktoba 1937 kila mechi United ina mchezaji aliyelelewa klabuni kikosini. Dirisha hili la 2025 nasikia Garnacho anauzwa, Mainoo naye anatajwa tajwa. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi kuliko nafasi ya 15.

#10 (Mleta uzi)
#9 umenigusa pabaya. Wanauzwa kwa sababu za hesabu. Kwa kanuni za fedha za ligi, mchezaji uliyemlea hana gharama ya ununuzi kwenye vitabu, kwa hiyo ukimuuza yote inaingia kama faida. McTominay aliondoka kwa mlango huo huo. Ukinunua vibaya miaka kumi, unalipia kwa kuuza watoto wako, na ndiyo maana nasema usajili ndiyo chanzo. Mainoo kazaliwa 2005 na tayari ana bao la fainali ya FA na lile la Lyon. Wakimuuza huyu, mimi nitakuwa wa kwanza kufungua uzi mwingine, na hautakuwa na lugha nzuri.

Cunha tumeshamsajili kutoka Wolves kwa milioni 62.5. Ni mchezaji mzuri, mabao 15 ya ligi akiwa na timu ya nafasi ya 16 si mchezo. Ila mtazame anachezea wapi: nyuma ya straika. Kwenye 3-4-3 hapo kuna nafasi mbili, na tayari tuna Amad, tuna Mount, na Bruno ambaye ndipo mahali pake. Maana yake Bruno ataendelea kushushwa chini. Tumeongeza mtu pale tulipo na watu, pale palipo wazi bado pako wazi.

Msimu ujao, 2025/26, hatuna mashindano yoyote ya Ulaya, kwa mara ya kwanza tangu 2014/15. Hela itakuwa kidogo lakini kocha atapata wiki nzima ya mazoezi karibu kila mechi, na maandalizi yake ya kwanza ya msimu akiwa na timu. Basi mimi dirisha hili naangalia sehemu moja tu: kiungo wa kati mwenye miguu ya kukaba eneo kubwa na kichwa cha kutoa pasi ya mbele. Namba tisa tunamhitaji, kipa naye tunamhitaji, lakini huyo kwanza. Casemiro anatimiza 34 Februari 2026. Wakileta winga mwingine wa milioni 60 na kuacha hapo, mjue pale juu bado hawajakaa mezani.

Mwenye jina la kiungo wa aina hiyo, wa bei tunayoiweza, alitaje hapa pamoja na timu anayochezea, tumchambue.